Newala 1952 na taifodi yangu

Wadau, juzijuzi homa ilinishika. Zahanati moja hapa mjini wakanitoa damu, baada ya muda mfupi nikaambiwa: taifodi! Nikapewa sipro.

Nikiwa kitandani nikakumbuka Wamakonde. Mwaka 1952 watu wa Newala na Masasi waliangushwa na homa ya maumivu makali ya viungo, mtu anatembea amejikunja. Wakaiita chikungunya, jina ambalo dunia nzima inalitumia hadi leo (wangapi mlijua limetoka kwetu?). Kule juu maji ni ya shida, hivyo watu waliyaweka akiba ndani, na mbu wakazaliana humo. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake. Zilifanana mno na dengu. Hapo macho hayakutosha. R. W. Ross wa Entebbe alivipata virusi kwenye damu ya wagonjwa, na damu ya waliopona ikakutwa na kingamwili zake.

Waliopona, jamani! Kingamwili hubaki mwilini. Kipimo changu, cha Mfaransa Widal tangu 1896, hutafuta kingamwili, si bakteria wenyewe. Ukiwahi kuugua zamani, au kuchanjwa, kinaweza kukukamata leo. Hata malaria hukidanganya. Utaratibu wake ni kurudia baada ya siku kumi hivi, kuona kama zimepanda. Nani kati yenu aliwahi kuambiwa arudi? Kuotesha damu maabara ni bora zaidi, ila huchukua siku kadhaa na zahanati nyingi hazina uwezo huo.

Dozi nilimaliza, homa ikabaki. Hospitali ya pili wakakuta malaria.