Kiti cha Mtoto Garini: Adapta Iliyochelewa

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, kazi imenibana. Leo naiweka tarakilishi kando kidogo. (Si kando sana, mtaona.)

Mwezi jana kakangu alikuwa akitoka Nakuru na mwanawe wa miaka mitano. Punda akakatiza barabara, kaka akakanyaga breki kwa nguvu zote. Mtoto alikuwa amefungwa mkanda kama mtu mzima. Hakuumia vibaya, ila alifika nyumbani na alama nyekundu tumboni, upana wa mkanda ule ule. Kaka akaniuliza: "Kama nilimfunga, kosa langu ni lipi?" Ikabidi nichimbe historia.

Mkanda wa pointi tatu tunaoutumia ulibuniwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo kule Uswidi. Kabla ya hapo alikuwa akiunda viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege. Wazo lake ni kwamba nguvu ya ajali ibebwe na mifupa migumu, yaani nyonga na kifua. Sawa, lakini mifupa ya nani? Ya mtu mzima! Nyonga za mtoto wa miaka mitano bado ni ndogo. Tena akiketi, magoti yake hayafiki ukingo wa kiti, kwa hiyo huteleza mbele ili aikunje miguu. Hapo mkanda hupanda hadi tumboni, ambako hakuna mfupa wa kuukinga, kuna ini na matumbo. Sisi tunaoandika programu tunalijua kosa hili: kudhani watumiaji wote wanafanana.

Ajabu ni kwamba viti vya watoto vilitangulia mkanda huo. Miaka ya 1930 huko Marekani, kampuni ya Bunny Bear iliuza viti vya kumwinua mtoto ili aone nje na mzazi amwone yeye. Usalama haukuwa hoja. Viti vingine vya enzi hizo vilining'inizwa tu juu ya kiti cha gari kwa vyuma viwili. Gari likigonga, kiti na mtoto viliruka pamoja.

Fikra zilibadilika miaka ya 1960. Daktari Mswidi, Bertil Aldman, alitazama jinsi wanaanga wa vyombo vya Gemini walivyolazwa chali, ili nguvu ya roketi isambae mgongo mzima. Mnamo 1964 akajaribu kiti kinachomwelekeza mtoto nyuma ya gari. Hicho ni cha wachanga. Wakubwa kidogo kama mpwa wangu walingoja hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, Volvo walipotoa mto mgumu wa kukalia. Mkanda haukuguswa hata kidogo. Mtoto ndiye aliyeinuliwa mpaka mkanda ukamkaa nyongani na begani. Ni adapta, kama ile unayotumia chaja yako ya pini mbili inapokutana na soketi zetu za pini tatu.

Sheria nazo zilijikokota. Jimbo la Tennessee lilikuwa la kwanza Marekani kulazimisha viti vya watoto, mwaka 1978, lakini likaacha mwanya: mzazi aliruhusiwa kumpakata mtoto. Mwanya huo ulizibwa mwaka 1981. Piga hesabu uone sababu. Mtoto wa kilo 10, gari liko kilomita 50 kwa saa, linasimama ndani ya nusu mita. Mikono yako inatakiwa kushika uzito wa takriban kilo 200. Nani ana mikono hiyo?

Huku kwetu, Sheria za Michuki za 2004 zilitia mikanda kwenye matatu, na nazisifu. Lakini mikanda ile ilikuwa ya kipimo cha mtu mzima, na wengi wetu tulidhani kazi imekwisha.

Nikamjibu kaka: hukukosea kumfunga, ulikosa adapta. Ataihitaji hadi afikie sentimita 135 au hata 150, nchi hutofautiana. Amenunua Jumamosi. Mpwa wangu hajali habari za nyonga wala ini. Anasema kiti ni kizuri kwa sababu sasa anaona nje.