Miaka Mia ya Ubishi wa Usajili: Shabiki wa Besiboli Alivyogeuka Mhasibu

Ijumaa ya Desemba 8, 2023, maelfu ya mashabiki wa besiboli waliacha shughuli zao wakawa wanaifuatilia mtandaoni ndege moja binafsi iliyokuwa angani kutoka kusini mwa California kwenda Toronto, Kanada. Minong'ono ilishaenea kwamba ndani yumo Shohei Ohtani, Mjapani ambaye ni hatari akirusha mpira na hatari akiupiga, na kwamba anakwenda kumwaga wino Toronto Blue Jays. Ndege ikatua, akashuka mfanyabiashara Robert Herjavec na watoto wake. Ohtani alikuwa kwake California. Kesho yake akatangaza mwenyewe kwamba anakwenda Los Angeles Dodgers kwa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 700.

Halafu zikatoka habari kwamba dola milioni 680 kati ya hizo atalipwa baada ya mkataba kwisha. Hapo ubishi ukahamia kwingine kabisa. Watu ambao hawajawahi kusimamia hata duka wakaanza kuhesabu dola ya mwaka 2034 itakuwa na thamani gani kwa bei ya leo, Dodgers wameokoa kodi kiasi gani, na wamebakiwa na nafasi ya kusajili nyota wangapi zaidi. Mpira wenyewe ulisahaulika kwa muda.

Shabiki anayekata tiketi kwa fedha yake amefikaje mahali pa kuzungumza kama mkurugenzi wa fedha wa klabu? Jibu limo katika historia ya zaidi ya karne moja, na kila sura yake inahusu swali moja: mchezaji ni mali ya nani?

Watano wasioguswa

Aliyezoea joto la usajili wa Simba na Yanga anahitaji kujua tofauti moja kabla hatujaendelea. Katika soka, klabu inayomtaka mchezaji mwenye mkataba huilipa klabu yake, kisha mchezaji naye lazima akubali na asaini. Katika besiboli ya Marekani klabu mbili hubadilishana wachezaji, pengine mmoja kwa watatu, na mhusika anaweza kupigiwa simu tu kuambiwa kesho aripoti mji mwingine. Mkataba wake unahama naye. Ndiyo maana kuanzia Novemba hadi Februari, viwanja vikiwa vimelala, mashabiki hubishana juu ya mizani: tumetoa nani, tumepewa nani, nani kamzidi mwenzake ujanja.

Mamlaka hayo yalianza Septemba 1879, wenye timu za National League walipokutana Buffalo, jimbo la New York, wakakubaliana kimyakimya kwamba kila timu itaorodhesha wachezaji watano ambao wengine hawaruhusiwi kuwagusa. Orodha ikarefushwa mwaka hadi mwaka hata ikawameza karibu wote. Kikawa kifungu cha kuhodhi ndani ya kila mkataba: msimu ukiisha, klabu ina haki ya kumrudisha mchezaji kwa bei yake, au kumuuza. Mchezaji asiyeridhika alikuwa na hiari ya kwenda nyumbani.

Aliyehodhiwa anauzika. Mwaka 1887 Chicago ilimuuza nyota wake, Mike Kelly aliyeitwa Mfalme, kwa Boston kwa dola 10,000, bei iliyotikisa nchi nzima. Mashabiki wa Chicago walikasirika, lakini hasira yao haikuwa na pa kwenda.

Boston yamuuza Ruth

Mauzo yanayotajwa kuliko yote yalitangazwa Januari 5, 1920. Boston Red Sox, mabingwa wa 1918, walimuuza Babe Ruth kwa New York Yankees kwa dola 100,000. Juu ya hizo, mwenye Yankees alimpa mwenye Boston, Harry Frazee, ahadi ya mkopo wa dola 300,000 kwa dhamana ya uwanja wa Fenway Park. Frazee alikuwa mtu wa tamthilia, mwenye majumba ya maonyesho na madeni.

Katika msimu wa 1919 Ruth alivusha mpira juu ya uzio mara 29, rekodi mpya ya wakati huo, na bado Boston ilimaliza katika nusu ya chini ya msimamo. Frazee akaitumia hoja hiyohiyo: Ruth ni mbinafsi, timu imekuwa ya mtu mmoja, na timu ya mtu mmoja haishindi. Kuna mashabiki waliomkubalia na kuna waliomlaani. Ruth mwenyewe alikuwa anadai mshahara wake upande kutoka dola 10,000 hadi 20,000, na wengi waliona hiyo ni jeuri.

Msimu wa kwanza New York, Ruth alivusha uzio mara 54. Yankees, ambao hawakuwahi kuwa mabingwa, walitwaa taji lao la kwanza mwaka 1923. Boston ilisubiri hadi 2004. Ubishi wa 1920 ulikuwa juu ya tabia ya mtu: ana nidhamu au hana, anaipenda timu au anajipenda. Kama kuna haki ya kumuuza hakuna aliyeuliza, na mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizidi kuwapa nguvu wenye timu ilipoamua kwamba sheria za kuzuia ukiritimba haziuhusu mchezo wa besiboli.

Umri wa Robinson, barua ya Flood

Desemba 1965, Cincinnati Reds walimpeleka Frank Robinson Baltimore wakapewa mrushaji Milt Pappas na wachezaji wengine wawili. Mkuu wa klabu, Bill DeWitt, alijitetea kwamba Robinson ana miaka 30 ya kizee. Mwaka uliofuata huyo mzee aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga, kwa kuvusha uzio mara 49 na kwa mikimbio aliyoileta nyumbani, akatwaa tuzo ya mchezaji bora na kuipa Baltimore ubingwa kwa kuwafagia Dodgers mechi nne bila. Pappas hakumaliza hata misimu mitatu Cincinnati. Tangu hapo, mkurugenzi wa klabu anayetaka kumuuza mkongwe hutajiwa jina la Robinson.

Oktoba 1969 ikaja zamu ya Curt Flood. Alikuwa na misimu 12 St. Louis Cardinals, ubingwa mara mbili, na tuzo saba mfululizo za ulinzi wa uwanjani. Asubuhi na mapema alipigiwa simu na ofisa wa ngazi ya kati wa klabu: umebadilishwa, unakwenda Philadelphia. Flood, Mwafrika Mmarekani aliyekuwa na maisha na biashara St. Louis, akakataa. Desemba 24 alimwandikia kamishna Bowie Kuhn kwamba baada ya miaka yote hiyo hajioni kuwa kitu cha kununuliwa na kuuzwa bila kujali anataka nini.

Alikuwa analipwa dola 90,000 kwa mwaka, na mashabiki wengi walimrukia: mtu wa mshahara huo analalamika nini? Mtangazaji Howard Cosell alipomuuliza swali la namna hiyo, Flood alijibu kwamba mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa. Kesi ilipounguruma, hakuna hata mchezaji mmoja aliyekuwa bado anacheza aliyekwenda mahakamani kumuunga mkono. Jackie Robinson, aliyekuwa amestaafu, alikwenda kutoa ushahidi. Juni 19, 1972, Mahakama ya Juu ilimkatalia Flood kwa kura tano dhidi ya tatu. Uchezaji wake ulikuwa umekwisha.

Alishindwa mahakamani, lakini mlango alioubisha haukufungika tena. Mwaka 1973 wachezaji walipata kanuni kwamba mwenye miaka 10 kwenye ligi na mitano katika timu moja ana haki ya kukataa kubadilishwa. Kisha Desemba 23, 1975, msuluhishi Peter Seitz akatoa uamuzi katika shauri la warushaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, waliocheza msimu mzima bila kusaini. Alisema haki ya klabu kuongeza mwaka mmoja maana yake ni mwaka mmoja, haiendelei milele. Wenye timu walimfukuza kazi papo hapo. Kifungu cha kuhodhi kilikuwa kimeshakufa.

Mlinzi wa usiku na kiti cha tajiri

Makubaliano ya 1976 yaliweka mpaka unaotumika hadi leo: mchezaji anakuwa huru akitimiza miaka sita ya utumishi kwenye ligi kuu. Wastani wa mishahara uliokuwa kama dola 50,000 mwaka huo sasa umevuka milioni nne. Wenye timu walijaribu kurudi nyuma kwa kukubaliana chinichini, kati ya 1985 na 1987, wasigombee wachezaji walio huru. Walibainika, na mwaka 1990 wakakubali kulipa dola milioni 280.

Hiyo miaka sita ndiyo iliyobadilisha mazungumzo ya mashabiki. Kijana mwenye kipaji anayelipwa kidogo kwa miaka mitano ijayo akawa na thamani kuliko nyota aliyebakiza mwaka mmoja. Kumpima mchezaji kukahitaji kalenda na kikokotoo.

Kikokotoo chenyewe kilitoka kwa mashabiki. Mwaka 1977 Bill James, aliyekuwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha maharage ya kopo mjini Lawrence, Kansas, alichapa kijitabu cha takwimu na kukiuza mwenyewe. Nakala zilizonunuliwa hazikuzidi mia. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na wenzake wa New York walianzisha mchezo ambao kila mmoja anapewa bajeti ya dola 260 na kununua kwa mnada kikosi cha wachezaji halisi, kisha wanashindanisha takwimu zao msimu mzima. Mamilioni ya watu wanaucheza leo kwa sura mbalimbali. Kwa mara ya kwanza shabiki alikalia kiti cha tajiri, na aliyekizoea hakiachi kwa urahisi.

Mwaka 2002 Oakland Athletics ya mkurugenzi Billy Beane ilishinda mechi 103 kwa mishahara ya kama dola milioni 40. Yankees walishinda 103 vilevile kwa zaidi ya milioni 120. Siri ya Oakland ilikuwa watu kama Scott Hatteberg, mdakaji aliyeumia mishipa ya kiwiko asiweze tena kurusha kama zamani. Wengine walimwona amekwisha. Oakland ilimhamishia nafasi nyingine kwa sababu alikuwa na subira ya kusubiri mpira mzuri na kufika kituo cha kwanza. Mwandishi Michael Lewis aliliandikia kitabu jambo hilo mwaka 2003. Timu zote mbili zilitolewa raundi ya kwanza, ila somo lilibaki. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2002 Boston ilimwajiri Bill James.

Somo likazaa tabia nyingine. Houston Astros walikubali kuwa kibonde, wakapoteza mechi 111 mwaka 2013 huku wakikusanya vijana, na mwaka 2017 wakawa mabingwa, ingawa ubingwa huo ulitiwa doa ilipogundulika kwamba walikuwa wakiiba ishara za wapinzani kwa kamera. Mashabiki wa miji mingine wakaanza kuomba timu zao zipoteze. Hilo shabiki wa 1920 asingelielewa hata ukimchorea.

Boston tena, Februari 2020

Karne moja na mwezi mmoja baada ya Ruth, Boston ilimtoa Mookie Betts, mchezaji bora wa ligi yake mwaka 2018, mwaka ambao pia Red Sox walikuwa mabingwa. Alibakiza msimu mmoja kabla ya kuwa huru. Walimpeleka Dodgers pamoja na mrushaji David Price na mshahara wake mkubwa, wakapokea vijana watatu: Alex Verdugo, Jeter Downs na Connor Wong.

Ukiulinganisha ubishi wa majira hayo mawili ya baridi unaiona safari yote. Safari hii hakuna aliyemsema Betts kwa tabia. Mashabiki waliotetea uamuzi walizungumzia kodi ya anasa ambayo klabu hulipa mishahara ikivuka kiwango, na hasara ya kumwacha nyota aondoke bure. Ruth aliuzwa kwa sababu hakuwa na sauti. Betts alitolewa kwa sababu baada ya miezi michache angekuwa nayo.

Julai mwaka huo Betts alisaini Los Angeles miaka 12 kwa dola milioni 365, akatwaa ubingwa nao 2020, 2024 na 2025. Downs aliichezea Boston mechi 14. Verdugo aliishia kupelekwa, kati ya klabu zote, kwa Yankees.

Kujua hesabu kumemsaidia shabiki. Leo si rahisi kumdanganya kwamba mtu wa miaka 30 ni mzee, wala kwamba timu inashindwa kwa kuwa nyota wake ni mbinafsi. Ila fedha ambayo tajiri anaiokoa ni ya tajiri. Shabiki anayeshangilia kwamba klabu imeshuka chini ya kiwango cha kodi anashangilia akiba asiyokuwa na hisa ndani yake.

Jambo hili litarudi kwa kishindo. Besiboli ndiyo pekee kati ya ligi nne kubwa za Marekani isiyo na kikomo cha mishahara. Wenye timu walipokidai mwaka 1994 wachezaji waligoma, na World Series, fainali ya ubingwa, haikuchezwa. Mkataba wa sasa kati ya pande hizo mbili, uliofikiwa Machi 2022, unafikia tamati Desemba 1, 2026. Mashabiki wa miji midogo kama Pittsburgh na Kansas City wana haki ya kuuliza watashindanaje na Dodgers. Wanapouliza, waangalie pia kitabu wanachopewa kukagua. Mshahara wa kila mchezaji unajulikana hadharani, lakini faida ya karibu kila klabu ni siri ya mwenye mali. Atlanta Braves, ambao hisa zao zinauzwa sokoni, ni wa kipekee kwa kulazimika kutoa hesabu zao. Mhasibu anayeonyeshwa matumizi na kunyimwa mapato hana anachoweza kuthibitisha, na angeanza kwa kudai ukurasa wa pili.