Karatasi Iliyokunjwa

Mimi ni mchoraji wa mabango, na hakuna mchezo wa fani yetu ninaoupenda kama ule wa Paris mwaka 1925, nyumba namba 54, rue du Château. Waliishi humo Yves Tanguy, Jacques Prévert na Marcel Duhamel. André Breton alikuwa akija kucheza nao. Mmoja huchora kichwa, hukunja karatasi, huacha ncha za mistari ya shingo tu. Wa pili huendeleza kiwiliwili bila kuona cha juu. Wa mwisho hutia miguu. Jumba la MoMA, New York, limehifadhi kiumbe kimoja cha 1926–27 kilichochorwa na mikono ya watu wanne: Tanguy, Joan Miró, Max Morise na Man Ray. Nakipenda mno!

Mwaka 2001 kampuni ya Coudal Partners ya Chicago ikaanzisha mchezo unaofanana na huo, Photoshop Tennis: wabunifu wawili hurushiana faili, kila mmoja akiongeza tabaka lake. Baadaye ukaja Layer Tennis, dakika 15 kwa kila pigo, na mtangazaji akiichambua mechi. Hapa hakuna mkunjo. Kazi ya mwenzako unaiona yote, na ndiyo maana naona mchezo huu mgumu zaidi: ukiifunika nzima, umekataa kumjibu.