Tundu la Ukutani na Mipaka ya Wakoloni: Historia Fupi ya Plagi kwa Msafiri wa Afrika Mashariki

Kila mwezi wa Julai unapokaribia, walimu na wanafunzi wengi wa idara yetu huanza kufunga mizigo. Wapo wanaokwenda kwenye maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7, na wapo wanaokwenda masomoni Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Maswali wanayoniuliza ni yaleyale: nauli, pasipoti, mahali pa kubadilishia fedha. Swali moja halisikiki kabisa mpaka mtu amefika usiku na simu imezima: je, plagi yangu itaingia ukutani?

Makala hii inakusudia kujibu swali hilo. Nitaonyesha kwamba jibu lake limo katika historia zaidi kuliko katika fizikia, na kwamba anayeijua historia hiyo hanunui adapta kwa kubahatisha.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2006 niliondoka Bujumbura kwa basi, nikapitia Kobero, nikafika Dar es Salaam kuanza shahada ya uzamili. Nilikuwa na kompyuta kuukuu ambayo waya wake uliishia kwenye plagi ya pini mbili za mviringo, kama zilivyo nyingi kwetu. Soketi ya chumbani ilikuwa na matundu matatu ya pembe nne. Mwenzangu wa jirani akanionyesha ujanja ambao wasomaji wengi wanaujua: unasukuma kalamu kwenye tundu la juu, vifuniko vya matundu ya chini vinafunguka, kisha unalazimisha pini zako ziingie. Umeme ukawaka. Kwa muda wa wiki tatu nilijiona mjanja. Usiku mmoja nilikurupushwa na harufu ya plastiki inayoungua. Soketi ilikuwa nyeusi, plagi imeyeyuka, chaja imekufa, na sura ya kwanza ya tasnifu yangu ilikuwa imefungiwa ndani ya kompyuta isiyowaka, siku mbili kabla ya kuikabidhi kwa msimamizi. Fundi aliyekuja kubadilisha soketi aliniambia neno moja tu: "Kaka, umeme haujui mgeni."

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Sisi na wenyeji wangu tulisema lugha moja, tulikula ugali uleule, tena nchi zetu ziliwahi kuwa koloni moja la Wajerumani. Kwa nini basi kuta zetu hazisikilizani?

Tukumbuke kwamba umeme ulipoanza kuingia majumbani, mwishoni mwa karne ya 19, kazi yake kubwa ilikuwa kuwasha taa. Aliyekuwa na pasi au feni aliichomeka mahali pa balbu. Nchini Marekani, Harvey Hubbell alipata hataza ya plagi ya kuchomoa na kuchomeka mwaka 1904. Huko Ujerumani, Albert Büttner aliomba hataza mwaka 1926 kwa plagi ya pini mbili za mviringo yenye vibati vya usalama ubavuni, ambayo Wajerumani huiita Schuko. Wafaransa na Wabelgiji walichukua pini mbili kama hizo, lakini pini ya usalama wakaiweka ndani ya soketi yenyewe. Kila nchi ilijitengenezea plagi yake, kwa kuwa wakati huo hakuna aliyefikiri kwamba siku moja mtu angesafiri na mashine yake mkobani.

Waingereza nao walipita hatua mbili. Mwaka 1934 waliweka kiwango cha plagi za pini tatu za mviringo, zenye ukubwa mbalimbali kulingana na nguvu ya chombo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliundwa kamati ya kupanga namna ya kuweka umeme katika nyumba zitakazojengwa baada ya vita. Mjumbe mmoja wa kamati hiyo alikuwa Caroline Haslett, mhandisi aliyepigania sana usalama wa wanawake na watoto majumbani. Shaba ilikuwa adimu, hivyo wakakubali waya mmoja uizunguke nyumba na kulisha soketi nyingi. Kwa sababu waya huo hubeba umeme mwingi, ilibidi kila plagi iwe na fyuzi yake ndani. Matokeo yake ni plagi ya mwaka 1947, yenye pini tatu bapa na fyuzi isiyozidi ampea 13. Pini yake ya juu ni ndefu kuliko nyingine. Hiyo ndiyo inayoingia kwanza na kufungua vifuniko vya matundu ya chini, ili mtoto asiweze kuingiza msumari. Msomaji ameshaelewa: kalamu yangu ya mwaka 2006 ilikuwa inavunja ulinzi uliowekwa kwa makusudi.

Sasa turudi kwetu. Umeme wa umma wa kwanza katika Tanganyika uliwekwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1908, ukahudumia karakana za reli na sehemu ya mji walimokaa wao wenyewe. Lakini mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikwisha kuondolewa Dar es Salaam, Kigali na Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Büttner alipoiombea hataza plagi yake, alikuwa amechelewa miaka kumi. Koloni lilikuwa limeshagawanywa: Tanganyika kwa Waingereza, Ruanda-Urundi kwa Wabelgiji. Kila mtawala mpya alileta mafundi wake, vitabu vyake vya sheria za umeme na meli zake za vifaa. Kwa hiyo Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zikarithi plagi za Kiingereza, na Burundi, Rwanda na Kongo zikarithi pini mbili za mviringo kutoka bara la Ulaya.

Hata ndani ya nchi moja ukuta unaweza kukueleza umri wa nyumba. Nchini Tanzania, majengo ya zamani bado yana soketi za matundu matatu ya mviringo, yaani zile za kiwango cha 1934, na majengo mapya yana zile za pembe nne. India, iliyopata uhuru mwaka 1947, mwaka uleule plagi mpya ilipotoka, ilibaki na pini za mviringo hadi leo. Afrika Kusini nayo imetumia kwa miaka mingi plagi kubwa ya mviringo ya ampea 15. Oman na Falme za Kiarabu, zilizokuwa karibu na Waingereza, hutumia plagi ileile ya Nairobi na Kampala.

Mwaka 1986 tume ya kimataifa ya viwango vya umeme ilichapisha kiwango cha plagi moja kwa ajili ya dunia nzima. Brazili na Afrika Kusini zilichukua umbo hilo au linalolikaribia, lakini nchi nyingine nyingi hazikusogea. Sababu yake ni nyepesi: nani atalipia kung'oa soketi za mamilioni ya nyumba?

Kutokana na historia hiyo, msafiri ajiulize mambo matatu kabla ya kununua adapta. Kwanza, nani aliyeitawala nchi ninayokwenda, na nyumba nitakayolala ni ya zamani au mpya? Anayekwenda Nairobi au Kampala achukue adapta ya pini tatu bapa. Anayekwenda Tanzania aongeze na ya pini tatu za mviringo. Anayekwenda Brussels au Paris na plagi yake ya hapa nyumbani hana haja ya adapta.

Pili, chombo changu kinakubali volti ngapi? Adapta hubadilisha umbo la pini tu, haibadilishi nguvu ya umeme. Katika eneo letu lote volti ni kati ya 220 na 240, kwa hiyo hapo hakuna tatizo. Marekani ni 120. Soma maandishi madogo kwenye chaja: ikiandikwa 100-240V, inafaa kote. Birika au mashine ya kukaushia nywele iliyonunuliwa Marekani ikichomekwa Bujumbura itaungua, hata adapta iwe nzuri namna gani.

Tatu, je, chombo kina waya wa tatu, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini? Kama unao, nunua adapta yenye pini ya tatu ya kweli yenye chuma, siyo ya plastiki ya kufungulia vifuniko tu. Aidha, adapta ikilegea au ikipata joto mkononi, itupe. Bei yake haifikii bei ya kompyuta moja.

Nimalizie kwa jambo linalotuhusu zaidi sisi walimu wa lugha. Kituo cha Ruzizi II kilichoanza mwaka 1989 hugawia umeme Burundi, Rwanda na Kongo. Kile cha Rusumo cha megawati 80, kilichoanza kazi katika miaka ya 2023 na 2024, hugawia Rwanda, Burundi na Tanzania kwa mafungu sawa. Umeme wenyewe umeshavuka mipaka ya wakoloni. Kilichobaki nyuma ni tundu la ukutani. Na majina pia yamebaki nyuma: Dar es Salaam huitwa soketi, kwetu wengi husema prizi, kwa kufuata Kifaransa. Mwanafunzi wetu aliyeomba "prizi" Kariakoo huangaliwa kwa mshangao, wala si kwa sababu hajui Kiswahili.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi watakaosafiri Julai hii wafanye kazi ndogo. Kila mmoja aandike majina ya plagi, soketi, adapta na waya wa ekstensheni kama alivyoyasikia kwa mafundi na wauza duka wa huko, pamoja na mji na tarehe. Wayalete idarani muhula ujao tuyalinganishe darasani. Na kalamu zao wazitumie kwa kazi hiyo tu.

Safari njema.