Kanda Yetu ya Kwanza na Historia ya Kutoa Sauti Kwenye Muziki

Wengi wetu tumekutana na ajabu hii bila kuitafuta. Umekaa ndani ya matatu, spika za masikioni umezivaa, lakini pini haijaingia sawasawa kwenye simu. Ghafla mwimbaji anatoweka. Magitaa yapo, kinanda kipo, waitikiaji wanasikika, lakini yule anayeongoza wimbo amebaki mwangwi tu, kama mtu anayeimba ndani ya tangi la maji. Ukiisukuma pini, anarudi.

Kamati ya jubilii iliniomba niandike habari za kanda yetu ya kwanza, ile tuliyorekodi miaka ya 1980 hapa hapa kanisani. Nimeanza na pini ya simu kwa sababu yaliyoipata kanda ile hayaeleweki bila hiyo.

Mwaka 1931 Mwingereza Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI, aliomba hataza ya kurekodi sauti kwa njia mbili, kushoto na kulia, ili masikio mawili yasikie kama yanavyosikia ukumbini. Hiyo ndiyo stirio. Blumlein hakuiona ikienea. Alikufa mwaka 1942, ndege ya kivita aliyokuwa akijaribia rada ilipoanguka, na kampuni kubwa zilianza kuuza santuri za stirio mwaka 1958 tu.

Sasa angalieni. Fundi wa studio akipanga wimbo, kwa kawaida humweka mwimbaji kiongozi katikati. Maana yake sauti yake inatoka sawa kabisa kushoto na kulia. Ukichukua upande mmoja ukautoa kwenye mwingine, kila kilicho sawa pande zote mbili kinafutika: tano toa tano, sufuri. Kinachobaki ni zile tofauti, yaani gitaa lililowekwa kushoto, kinanda kilichowekwa kulia, na mwangwi uliotawanywa pande zote. Pini ya simu isiyogusa waya wake wa ardhi hufanya hesabu hiyo hiyo bila kuagizwa. Hata fundi wa redio wa kijijini angeweza kuifanya, kwa kuunga spika moja kati ya nyaya mbili za chanya za amplifaya. Huko Marekani, kampuni ya LT Sound ya jimbo la Georgia iliifanya biashara, ikauza mashine maalumu ya kuondoa sauti ya mwimbaji kwenye santuri za watu.

Kasoro yake ni kwamba gitaa la besi na ngoma kubwa nazo hukaa katikati. Ukimtoa mwimbaji, unatoka naye na nguzo za nyumba.

Wajapani hawakuhangaika na hesabu hiyo. Mwaka 1971, katika mji wa Kobe, mpiga muziki Daisuke Inoue alitengeneza mashine ya kuchezea kanda ambazo tangu mwanzo zilirekodiwa bila mwimbaji. Mteja wake mmoja alitaka kuimba safarini, na Inoue hakuweza kufuatana naye, basi akampa muziki kwenye kanda. Hiyo ndiyo karaoke, neno ambalo maana yake ni okestra tupu. Inoue hakuomba hataza, na faida kubwa ikaenda kwa wengine.

Nirudi kwetu. Kanda yetu ilirekodiwa kwa kipaza sauti kimoja kilichoning'inizwa kwenye boriti ya paa, katikati ya kwaya na kinanda. Hatukuwa na studio wala fedha za kwenda Nairobi. Miaka ilipopita, mpiga kinanda wetu wa kwanza akatutoka, na hakuna aliyeweza kuupiga ule mwanzo wa wimbo wa tatu jinsi alivyoupiga yeye. Mwalimu wa kwaya akasema: tuwatoe waimbaji kwenye kanda, tubaki na kinanda chake, tuimbe juu yake. Tukampelekea kijana mmoja fundi wa redio. Akaunga nyaya zake, akabonyeza, nasi tukakaza masikio.

Kilichotoka ni mvumo wa kanda. Hakuna mwimbaji, hakuna kinanda, hakuna kayamba. Mwalimu alidhani kijana ameifuta kanda, akasimama kwa hasira, na ilibidi mama mmoja wa sauti ya pili amshike mkono. Kumbe kijana hakuwa na kosa. Kwa kipaza sauti kimoja hakuna kushoto wala kulia. Kila kitu kiko katikati, kwa hiyo kila kitu kinafutana. Nyaya ziliporudishwa, kwaya yote ikarudi. Kanda ikawekwa kwenye kabati la ofisi, ikakaa humo.

Katikati ya hapo makanisa mengi yakazoea kuimbia juu ya muziki wa kurekodiwa, kwanza kanda, kisha sidii, siku hizi flashi na simu. Si jambo baya, ingawa mimi ni wa zamani na ningependa kumwona mpiga kinanda akitoka jasho. Ila niseme moja ambalo vijana wangu hawapendi kulisikia: kuchukua wimbo wa kwaya nyingine, kuitoa sauti yao na kuweka yetu, si sawa na kujifunza wimbo wao. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi, inamlinda mwimbaji, na inamlinda mwenye rekodi. Kuomba ruhusa hakuzidi barua moja.

Mambo yaligeuka Novemba 2019, kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilipotoa bure programu iitwayo Spleeter. Hii haitoi kushoto kwenye kulia. Ilisomeshwa kwa nyimbo nyingi ambazo sehemu zake zilikuwa zimetengwa tayari, hadi ikajifunza sauti ya binadamu ina umbo gani, na ngoma, besi na kinanda vina umbo gani. Mwaka 2023 dunia nzima ilisikia kazi ya aina hiyo. John Lennon wa The Beatles alikuwa ameacha kanda aliyojirekodia nyumbani New York, yeye na piano kwa pamoja. Wenzake walijaribu kuitumia mwaka 1995 wakashindwa, kwa sababu piano ilikuwa imeifunika sauti. Hatimaye kompyuta ikaichomoa sauti, na mwaka 2023 wimbo "Now and Then" ukatoka, karibu miaka 43 baada ya kifo chake.

Niliposikia habari hiyo nikakumbuka kabati. Kijana mmoja wa sauti ya nne akaihamisha kanda kwenye kompyuta, akaipitisha kwenye programu ya namna hiyo. Haikuwa safi. Kayamba ilikwama kwenye upande wa waimbaji, nadhani mashine iliidhani ni herufi "s" nyingi. Tena ilitutenga sisi sote kama fungu moja. Sauti ya kwanza hadi ya nne haikuweza kuzipambanua. Lakini kinanda cha ndugu yetu kilitoka peke yake, na ule mwanzo wa wimbo wa tatu ukasikika kidole kwa kidole.

Jambo ambalo hatukulitazamia lilikuwa kwenye lile fungu lingine, ambalo karibu tulifute. Sauti zilipobaki bila kinanda, tulisikia yaliyokuwa yamefunikwa miaka yote hiyo. Mtu wa sauti ya tatu aliingia mapema (yuko hai, na anajijua). Mtoto alilia nyuma. Na kabla ya ubeti wa mwisho, mwalimu wetu wa kwanza, ambaye vijana wengi wa leo hawakumwona, alinong'ona: "Polepole, msikimbie." Mjane wake aliomba tulirudie neno hilo. Tulilirudia mara nne.

Kamati ilibishana kama tuimbe juu ya kinanda hicho leo. Wengine waliona ni heshima, wengine waliona si vizuri kumpigisha kinanda mtu aliyepumzika. Tulikubaliana hivi: wimbo wa tatu kwenye ratiba utaanza na kinanda chake peke yake kutoka kwenye spika, kisha mpiga kinanda wetu wa sasa atapokea, nasi tutaimba.

Kanda tuliyo nayo ina upande wa kwanza tu. Wa pili uliliwa na redio. Nakala ziliuzwa siku ya harambee ya kujenga vestri. Kama ipo moja nyumbani kwako, usiicheze kwanza. Ikaze kwa penseli, uilete kwa katibu wa kwaya.