Tundu Dogo la Mbale

Upasuaji wa tundu dogo utajwapo, fikira za wengi huelekea tumboni, na wana haki, kwani Jacobaeus wa Stockholm alichungulia tumbo la mwanadamu kwa darubini tangu 1910, na mwaka 2004, baada ya wagonjwa 872 wa saratani ya utumbo mpana kufuatiliwa katika hospitali 48 za Marekani na Kanada, ikadhihirika kuwa waliotobolewa hawakurejewa na maradhi zaidi ya waliopasuliwa wazi. Walakini mashariki ya Uganda swali jingine, kwamba je, ustadi huu waweza kuaminiwa mbali na mji mkuu, lilijibiwa katika vichwa vya watoto wachanga.

Mtoto mwenye maji kichwani, ambaye utosi wake hutuna na macho yake huelemewa kutazama chini, alikuwa na tiba moja tu iliyozoeleka tangu Holter, fundi wa Marekani aliyekuwa na mwana mwenye maradhi hayo, atengeneze vali yake katika miaka ya 1950: mrija wa kuyatoa maji kichwani. Tiba hiyo ni njema, ila mrija huziba, na uzibapo mtoto huweza kufa kabla ya juma kwisha. Sasa mfikirie mama wa Busoga, atokaye Jinja usiku na mtoto anayetapika, apite Iganga, aishike njia ya Tirinyi kuelekea Mbale akiombea gari lisiharibike. Kwangu mimi, kumtia mtoto mrija bila kuihesabu safari hiyo ni kuitimiza tiba nusu.

Benjamin Warf, mpasuaji wa ubongo aliyehamia Mbale mwaka 2000 kuhudumu katika hospitali ya watoto ya CURE, aliihesabu. Akarudia jambo ambalo Mixter wa Boston alilifanya mwaka 1923 na ambalo vali ilikuja kulisahaulisha: kupitisha darubini nyembamba kando ya utosi, kuifikia sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo, na kuitoboa ili maji yajipatie mkondo wao wenyewe. Kwa wachanga tundu peke yake halikutosha. Ndipo akaongeza kuvichoma, kwa kupitia darubini ile ile, vinyama vyekundu viyatoavyo maji hayo.

Wala hakuridhika na sifa za chumba cha upasuaji. Taarifa yake ya mwaka 2005, iliyohusu watoto 550, ilionyesha kuwa kwa wasiotimiza mwaka tundu tupu lilifaulu kwa 47 katika kila 100, na tundu pamoja na kuchoma kwa 66. Tena alikuwa amekwisha kubaini kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wake walipatwa na maradhi hayo baada ya ambukizo la ubongo. Ustadi huo ukarithiwa na John Mugamba na wapasuaji wengine wa Uganda. Mwaka 2017 ukatolewa uchunguzi wa watoto 100 wa Mbale, waliogawanywa kwa kura baina ya mrija na tundu: baada ya mwaka mmoja akili zao hazikutofautiana.

Mama arudiye kwao Busoga na mtoto asiye na mrija hupewa kazi moja, kuupapasa utosi. Ukibonyea chini ya kidole, maji yanapita.