Mgao, Mgawanyo na Kisu Kikali

Swali la fasihi likitaja mgao wa rasilimali usio sawa, watahiniwa wengi huandika "ubaguzi" kisha wakasonga mbele. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi.

Tuanze na kitenzi gawa. Agawaye ana mamlaka. Agawiwaye hungoja. Wagawanao, aghalabu, wamekaa mkeka mmoja. Mnyambuliko huu mdogo umebeba siasa nzima. Wahenga nao walisema kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na tuzingatie kwamba methali haiulizi nani ana njaa.

Katika historia yetu, Waraka wa Kikao Nambari 10 wa mwaka wa 1965, uliohusu ujamaa wa Kiafrika, ulipendekeza fedha za maendeleo ziwekezwe zitakakozaa zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, uchukuzi na umeme. Hapakuwa na matusi humo, ila hesabu. Lakini reli na barabara zilikuwa zimejengwa na mkoloni alikotaka yeye, hasa kwenye nyanda za juu za walowezi. Mgao mpya ukairithi ramani kongwe, na kaskazini kame ikazidi kuachwa nyuma. Kwa maoni yangu, hapa ndipo "mgao usio sawa" unapostahili jina lake: dhuluma huonekana katika matokeo hata pale nia isipotajwa.

Linganisha na Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora. Mtemi Nasaba Bora hagawi ardhi, anainyakua. Mtahiniwa anayekiita kitendo hicho "mgao mbaya" anampunguzia hatia (na mtahini atampunguzia alama).

Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, ikaziwekea angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa kulingana na hesabu za karibuni zilizokaguliwa, na ikaanzisha Hazina ya Usawazishaji kwa maeneo yaliyotengwa. Hapo neno "sawa" hututatiza. Katiba inadai mgao wa haki, wala si vipande vinavyolingana, maadamu mahitaji hayalingani.

Mwalimu mwenzangu, andika ubaoni gawa, gawia, gawana na nyakua. Kisha waambie wanafunzi wamweke kila mhusika wa Chozi la Heri anayehusika na ardhi chini ya kitenzi kimoja, na wataje ithibati kutoka riwayani.